Ushauri: Safari ya wanafunzi wa Historia kutoka Tanga kwenda Rwanda, nipange vipi siku?

MwalimuChumbageni: Wakuu, salaam. Likizo ya Juni napeleka wanafunzi 28 Rwanda, miaka 16 hadi 18, wajifunze jinsi watu walivyorudi kukaa pamoja baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Siku ya kwanza nimeweka kumbukumbu za mauaji hayo tatu kwa mpigo: Gisozi jijini Kigali, Ntarama na Nyamata. Inafaa?

MzeeWaSegera: Mwalimu, kwa mpigo usithubutu. Kijana akifika kumbukumbu ya tatu moyo umeshakufa ganzi, haulizi kitu. Siku ya kwanza Gisozi peke yake, kwa muda wa saa tatu nzima. Maonyesho yanaanzia enzi za ukoloni, kwa hiyo wanapata mfuatano. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna sehemu ya watoto waliouawa. Waeleze mapema, na asiyeweza abaki bustanini na mwalimu mmoja.

Kesho yake Nyamata tu, kama kilomita 30 kusini mwa Kigali. Ni kanisa, na nguo za waliouawa zimelazwa kwenye mabenchi. Ndani hakupigwi picha, simu zibaki kwenye basi.

BintiPangani: Mchana huo wapumzike, Mbyo iwe asubuhi inayofuata. Ni kijiji cha maridhiano huko huko wilaya ya Bugesera iliko Nyamata: walionusurika na waliotoka gerezani kwa kuua wanaishi nyumba jirani, chini ya mradi wa Prison Fellowship Rwanda. Tafuta mkalimani wa Kinyarwanda. Mwanafunzi asianze na "ulimsameheje?", na kabila la mtu asiliulize kabisa. Aanze na ujenzi wa nyumba, shamba, watoto wanasoma wapi. Ya moyoni watayafikia wenyewe.

Wasome gacaca kabla ya kuondoka. Mahakama hizo za vijijini zilimaliza kesi karibu milioni 2 hadi zilipofungwa 2012, na aliyekiri alipunguziwa adhabu. Asiyejua hilo hataelewa muuaji amerudije kijijini. Na waseme "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi", siyo "vita vya makabila". Kule neno hilo linaumiza kweli.

DerevaRusumo: Njia ni Arusha, Singida, Nzega, Kahama, Rusumo mpakani. Laleni Arusha na Kahama. Rwanda magari hupita kulia, hivyo mlango wa basi letu unafungukia katikati ya barabara: shukeni ndani ya maegesho tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, yaani kazi za pamoja za kijamii nchi nzima, msipange safari kabla ya saa tano asubuhi. Saa za Kigali ziko nyuma kwa saa moja. Kila mtoto awe na hati ya kusafiria na barua ya mzazi.

Rusumo waonyeshe daraja. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka hapo kuingia Ngara, upande wetu, ndani ya saa 24.

MwalimuChumbageni: Ahsanteni sana. Arusha kuna la kuona?

BintiPangani: Lipo, tena kubwa. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyowahukumu viongozi wa mauaji hayo, ilikaa Arusha hadi 2015, na nyaraka zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji. Andika barua ya kuomba ziara mapema, uambatanishe majina yote kama yalivyo kwenye hati.