Vipepeo vya rangi ya machungwa: ni aina moja ao mbili? Musaada bandugu

Mwana_Bagira:
Bandugu mambo, niko Bukavu, tuko na kazi ya masomo ya kutofautisha vipepeo kwa kuangalia mabawa, na wenye wananisumbua ni hawa wa rangi ya machungwa wenye wanarukaga polepole ku bustani, juu wote wanafanana. Wamoja bawa la mbele ncha iko nyeusi na madoa meupe ndani, bawa la nyuma machungwa. Wengine vilevile lakini bawa la nyuma liko jeupe. Mimi nimeandika aina mbili, mwenzangu anakatala anasema ni moja, na kazi tunarudisha hii juma. Nani anajua?

Yaya_Nguba:
Mdogo wangu, ule weupe usikudanganye. Ni Danaus chrysippus, aina moja yenye sura mingi, huko Kenya kuko hata wenye hawana ncha nyeusi. Andika moja, umalize.

fundi_wadudu:
Pole pole yaya, asimalize bado 😅 Kuko mwingine anamuiga, jike ya Hypolimnas misippus, na anaiga mpaka ule weupe, kwa hiyo hapa rangi haisaidie kitu. Danaus akiwa kiwavi anakula majani yenye utomvu mweupe, sumu inabakia mu mwili, ndege akimuonja siku moja harudilie. Hypolimnas hana ile sumu, anatembea na jina ya mwenzake tu. Sasa Mwana_Bagira, angalia bawa la NYUMA. Danaus iko na vidoa vyeusi vitatu katikati, dume anaongeza cha nne, kinene kidogo, ni kifuko cha harufu ya kuvutia jike. Hypolimnas iko na doa moya tu, kule juu karibu na ukingo wa mbele. Hesabu njo utuambie.

Goma_kwetu:
Na dume ya Hypolimnas usimtafute mu machungwa. Yeye ni mweusi, na madoa makubwa meupe yenye kuzungukwa na buluu ya zambarau, inangaa akigeuka ku jua. Ukiwaona pamoja huwezi kuamini ni bibi na bwana.

Mwana_Bagira:
Nimekuza foto. Wa bawa jeupe wote vidoa vitatu, mmoja vine. Wa machungwa wamechanganyika, kuko mmoja iko na doa moya pale juu!! Sasa niandike nini?

fundi_wadudu:
Mbili, lakini si zile mbili zako. Danaus mweupe na Danaus wa machungwa jina moja. Yule wa doa moya peke yake.

Yaya_Nguba:
Eeh sawa, nimekubali. Lakini si wakamate mmoja waone vizuri?

fundi_wadudu:
Wapige foto ya chini ya bawa pia, inatosha. Wakiokota mwenye amekufa wasimshike ku mabawa, ule unga wenye unabakia ku vidole ni magamba, na rangi ni yenyewe. Wamuweke mu karatasi ya kukunja pembe tatu. Na wasipande Kahuzi-Biega na wavu, ile ni parke, bila ruhusa ya ICCN, wale wa serikali wenye kulinda maparke ya Congo, hapana. Afazali Lwiro, kuko kituo cha utafiti toka wakati wa Wabelgiji, waende na barua ya shule.

Mwana_Bagira:
Aksanti sana bakubwa. Ile barua, anaisaini prof ao mpaka sekretarieti?