Msaada: kolamu ya monolithi inachomoka kwenye kapilari kama tambi

Kunde_Maabara
Wakuu, habari za humu. Nasoma uzamili wa kemia, nachambua protini za mbegu za kunde. Kolamu nyembamba (mirija ya kutenganishia protini) za kununua ni ghali kwetu, kwa hiyo najitengenezea za monolithi, yaani kipande kimoja cha polima chenye vitundu, kinachoundwa ndani ya mrija mwembamba (kapilari). Kapilari ni ya silika, kipenyo cha ndani mikroni 100. Mchanganyiko kwa uzito: monoma mbili za kuunda polima, butili methakrilati asilimia 24 na ethilini dimethakrilati 16; viyeyusho vya kuacha vitundu, 1-propanoli 34 na 1,4-butanedioli 26; na AIBN (kianzishi cha mmenyuko) asilimia 1 ya uzito wa monoma. Naziba ncha kwa mpira, naweka kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa 20.

Nimetengeneza sita. Mbili, nilipopitisha asetonitraili, polima yote ilichomoka upande wa pili, nyeupe, kama tambi. Tatu hazipitishi kitu, presha inapanda mpaka pampu inajizima. Moja inapitisha, ila kwa hadubini naona mapengo. Nimebakiwa na kapilari mita tatu tu. Nakosea wapi?

BiKromato
Pole sana mdogo wangu. Ukuta wa ndani uliutayarishaje kabla ya kujaza? Hukusema, na hizo mbili zilizochomoka naona zimeanzia hapo.

Kunde_Maabara
Shikamoo dada. Niliosha kwa NaOH, nikasuuza kwa maji, kisha silani (kemikali ya kuifunga polima ukutani) saa moja, nikajaza siku hiyohiyo.

BiKromato
Marahaba. Asidi umeiruka. Baada ya NaOH ya molari 0.2 kwa nusu saa na maji, pitisha HCl ya molari 0.2 nusu saa nyingine, kisha maji tena, kisha ethanoli. NaOH inauamsha ukuta lakini inaacha sodiamu. Asidi ndiyo inayoiondoa, silani ipate pa kushika. Silani yenyewe (ile yenye mkia wa methakrilati) iwe asilimia 20 ndani ya ethanoli ya asilimia 95, uifikishe pH 5 kwa asidi ya asetiki. Ipite polepole kwa saa nzima. Suuza kwa ethanoli, kausha kwa nitrojeni, uiache mpaka kesho yake. Huo mkia ndio unaoingia kwenye polima na kuifunga ukutani, kwa hiyo kama chupa yenu ya silani ni ya zamani na imeshaingia unyevu, usiiamini. Mimi nilipoteza muhula mzima kwa chupa ya namna hiyo.

mtaalamu_chipukizi
Kwa nini usitumie mwanga wa UV? Ni dakika chache tu.

BiKromato
Kapilari za kawaida zimevikwa poliimidi, ile plastiki ya rangi ya kahawia. UV haipenyi. Angehitaji zenye koti linalopitisha mwanga, na ana mita tatu za hizi.

Mzee_wa_Pampu
Hizo tatu zilizoziba, mimi nashuku oveni. Joto likizidi, AIBN inavunjika haraka, chembe za polima zinaanza nyingi kwa pamoja, na vitundu vinakuwa vidogo. Namba ya kwenye kioo cha oveni isikudanganye, weka kipimajoto ndani, palepale kapilari inapolala. Ukiweza, tumia maji ya moto yanayodhibitiwa joto. Yanatulia kuliko hewa ya oveni. Kama joto ni sahihi na bado presha iko juu, punguza 1-propanoli kwa asilimia moja au mbili, uongeze butanedioli kiasi hichohicho. Usizidishe, mabadiliko kidogo tu hapo yanahamisha vitundu sana.

Mapengo ni viputo. Pitisha nitrojeni kwenye mchanganyiko dakika 10, chupa ikiwa kwenye barafu ili propanoli isiruke, kisha jaza bila kuingiza hewa. Na kata vipande vya sentimita 10 vya majaribio, usichome mita tatu kwa mkupuo.

Kwa protini umechagua vizuri. Ingekuwa molekuli ndogo ningekushauri monolithi ya silika.

Kunde_Maabara
Asanteni mno. Nimetoka kupima sasa hivi: kioo kinasoma 60, kipimajoto ndani kinasoma 71. Kesho naanza na ukuta, na asidi safari hii.