Kaa anayejivua gamba: kitabu cha picha kiwe na kurasa ngapi?

Chipukizi_Mbweni: Wakuu, habari za jioni. Nina hadithi ya kaa wa mikoko anayeogopa kujivua gamba (si lile la siasa za CCM). Ina maneno 1,900, na mwishoni babu kobe anampa nasaha. Nataka mtoto aelewe na mzazi anayemsomea asichoke. Picha ni za mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, kwenye ubao. Nianzie wapi?

BundaLaKaratasi: Anza kwa kukata. Chukua kurasa 24 za kubana pini katikati; pini inataka idadi inayogawanyika kwa 4, maana kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa 4. Ukurasa wa 1 jina, wa 2 hakimiliki, wa 3 unafungua hadithi, wa 24 unaifunga. Katikati unabaki na jozi 10 za kurasa zinazotazamana, kila jozi maneno 40 hadi 50. Jumla 500 na ushee. Futa kwanza kila sentensi inayoeleza kitu ambacho picha tayari inakionyesha, kisha nasaha. Mzazi ndiye wa kwanza kusinzia kwenye hotuba.

Matope: Na mfuate kaa alivyo. Gamba lake halikui. Yeye ndiye anayekua humo mpaka linambana. Linapasuka kwa nyuma, anatoka kinyumenyume akiwa laini, anavuta maji ili avimbe kabla gamba jipya halijawa gumu. Kipindi hicho anajificha, maana hata kaa wenzake humla. Kwa hiyo usimtoe mafichoni siku hiyohiyo, mwache aogope kwenye mizizi kurasa mbili tatu. Babu kobe je? Gamba lake limeungana na mbavu, hajawahi kulivua maishani. Mbakishe, lakini ashauri vibaya: "Mimi niko salama humuhumu." Watu wazima watacheka wenyewe.

Mwambie mchoraji: magando mawili, miguu minane, ya nyuma bapa kama kasia. Wengi huchora sita.

Brashi_na_Wino: Kitabu kiwe sentimita 20 kwa 20. Kikifunguliwa ni 40, ongeza milimita 3 za kukatia kila upande unapata 40.6, inaingia kwenye karatasi ya A3 yenye urefu wa 42. Ukitaka 21 kwa 21, A3 haitoshi.

Rangi ya tingatinga inang'aa, flashi itakuachia doa jeupe. Piga picha kivulini nje, kamera ikitazama ubao moja kwa moja, isiinamie upande wowote. Picha ya kurasa mbili inahitaji upana wa pikseli 4,800 hivi. Usiitume WhatsApp kama picha, inabanwa. Tuma kama dokumenti.

Halafu picha inayovuka kurasa mbili huachana kidogo kwenye mkunjo, isipokuwa ya 12 na 13, kwa sababu hiyo ni karatasi moja. Kupasuka kwa gamba kuweke hapo.

ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, unaombea Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Ombea mapema, namba iingie kwenye jalada kabla ya kuchapa.

Chipukizi_Mbweni: Asanteni sana wakuu. Babu kobe anabaki na ushauri wake mbovu. Ya 12 na 13 naiacha bila neno hata moja.