Wauza mawe ya tangi Malindi: mnatuuzia aiptasia, kisha mnatuuzia na dawa yake!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka, na bora niyatoe hapa kuliko kumwendea mtu kwake tukavunjiana heshima.

Nina tangi la maji ya chumvi la lita mia mbili, hapa hapa Malindi. Matumbawe laini, samaki wachache, hakuna makubwa. Nikanunua jiwe la baharini la kuweka humo kwa jamaa mmoja, simtaji. Elfu sita. Juu yake palikuwa na vidude viwili vya kahawia vyenye minyiri myembamba. Nikauliza, na hivi? "Ah, dadangu, hayo maua tu ya baharini, nakupa bonasi." Bonasi! Mtu miaka yote anauza viumbe vya bahari, leo haijui aiptasia? Anaijua sana. Matangi yake ya nyuma yamejaa tele, nilikuja kuyaona baadaye.

Wasioijua: ni anemoni mdogo, yaani mnyama wa baharini anayefanana na ua. Ndani ya mwili wake mna mwani unaomtengenezea chakula kwa mwanga, na juu ya hapo anakula mabaki ya chakula cha samaki, kwa hiyo kwenye tangi hana shida yoyote. Anayachoma matumbawe ya jirani mpaka yanajikunja na kufa. Ukimgusa anajivuta ndani ya tundu la jiwe. Na kipande kidogo cha mguu wake kikibaki, kinaota anemoni mwingine mzima.

Nikampigia yule bwana. Jibu la kwanza: "Ni maji hayo, unateka baharini wakati mto Sabaki umefurika." Ati tope la Sabaki limezaa anemoni juu ya jiwe lake yeye! Nani wa Malindi asiyejua kuwa mto ukijaa bahari inageuka rangi? Siku hizo siteki. Nateka maji yakiwa safi, napima, chumvi iko 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji.

Jibu la pili: "Kwarua kwa kisu." Huu ushauri umejaa hata humu jukwaani, na wanaoutoa naomba mpumzike. Ukikwarua unawazidisha. Vipande vinapeperushwa na pampu, vinashika kila pembe ya tangi, na mmoja wako anakuwa ishirini.

La tatu ndilo lililonimaliza. Akaniambia nije nichukue kamba wa kula aiptasia. Nikaenda, nikalipa tena. Sasa sikilizeni: kamba mwenye kazi hiyo ni wa jamii ya Lysmata, mwili unapitisha mwanga, mistari myekundu hafifu, mgongo wa kawaida. Nilichouziwa kilikuwa chekundu cha kung'aa, mistari myeupe, macho makubwa, na nundu kama ya ngamia. Huyo ni Rhynchocinetes, na chakula anachokipenda ni matumbawe laini. Aiptasia hakuigusa. Zoanthidi zangu, vile viumbe laini jamaa ya matumbawe, alizimaliza.

Na kuna mwingine alinitumia ujumbe ati nichemshe jiwe zima jikoni. Ndugu yangu, unataka kuua watu? Baadhi ya zoanthidi, hasa wale waitwao palithoa, wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umeshapeleka watu hospitali. Jiwe lenye viumbe hao halipikwi, basi.

Kinachofanya kazi kwangu ni chokaa. Haidroksidi ya kalsiamu safi. Si ya kupaka ukuta, na ya tambuu iliyotiwa vikorokoro pia hapana. Unaikoroga na maji kidogo iwe nzito, unaivuta kwa bomba la sindano, unazima pampu zote, halafu unamdondoshea mdomoni polepole kabla hajajivuta. Unaiacha itulie ndipo uwashe pampu. Wachache tu kwa siku, maana chokaa inapandisha pH haraka na samaki ndio watakaolipa. Waliojificha ndani ya matundu hurudi, unaanza tena. Kazi ya kuchosha, na haimalizi mara moja.

Yuko konokono asiye na kombe, Berghia, ambaye hali kitu kingine ila aiptasia. Asili yake ni upande wa pili wa dunia, na hapa sijamwona kwa muuzaji yeyote. Wanaotaka kuniletea samaki kipepeo, asante: wengi wao wakimaliza anemoni, au hata kabla, wanahamia kwenye matumbawe.

Hilo jiwe nilimwuliza pia limetoka wapi. Akanuna. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na humo hutoi hata kombe, kwa hiyo mtu akinuna kwa swali hilo najua la kufikiri.

Ninachotaka kwenu wauzaji ni kidogo. Jiwe likae kwenye ndoo peke yake kwanza, usiku limulikwe tochi. Likiwa na aiptasia, sema lina aiptasia na upunguze bei. Na hela yangu ya kamba naidai bado.

Mwenye Lysmata wa kweli, Malindi au Watamu, aniandikie. Ila picha ya mgongo nataka kwanza.