Tupeane uzoefu: mlishuka mto wa korongo la jangwani mwezi gani, na mlikuta nini?

Mtoto wa Bel-Air, Lubumbashi

Ndugu zangu, jambo. Nyumbani tunapanga safari ambayo tumeiwekea akiba muda mrefu: kushuka mto kwa boti la mpira, ndani ya korongo, mahali pakavu pa mawe na mchanga. Dada yetu anayeishi Phoenix, Arizona, Marekani, anatuita Grand Canyon ya hukohuko. Wengine wanasema mbona mbali hivyo, twende Livingstone kule Zambia, au mto Orange. Kinachotugawa hasa ni mwezi wa kwenda. Watoto wanafunga shule mwezi wa saba na wa nane, basi kila mtu anaitaja hiyo miezi kama imeshaamuliwa. Mimi sikubali mto upangwe kwa kalenda ya shule.

Nilichokwisha kuelewa ni kwamba kabla ya kuuliza habari ya jua, uliza maji yanatoka wapi. Ndani ya Grand Canyon mto Colorado haujai tena kwa kufuata theluji. Tangu bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuzuia maji mwaka 1963, mto unafunguliwa na kufungwa kwa kufuata mahitaji ya umeme na mgawo wa maji, na mafuriko ya kila mwaka ya mwezi wa tano na wa sita yamekwisha. Lakini panda juu ya mto, Cataract Canyon kule Utah: huko theluji ya milimani bado ndiyo inatawala. Mwisho wa mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa sita maji yanajaa, rapidi, yaani sehemu ambapo maji yanakimbia kwa nguvu kati ya mawe, zinatisha. Ukifika mwezi wa nane mto umepungua na kutulia. Mto uleule, kalenda mbili tofauti.

Kwa hiyo msinijibu tu kwamba "kiangazi ni kizuri". Nitajieni mwezi, mahali, na mlichokiona kwa macho yenu.

Yaya wa Kamalondo, sasa Arizona

Mdogo wangu, mimi nilishuka Grand Canyon mwezi wa saba, kwa sababu kazini likizo yetu inatoka wakati huo tu. Tulikuwa kwenye boti la injini, na kampuni yenye viongozi wake.

Nianze na joto, maana sisi wa Lubumbashi tunaona joto letu la mwezi wa kumi limetosha. Chini ya korongo mwezi wa saba kivulini kwenyewe panapita nyuzi 40, na ile miamba myeusi ya sehemu ya ndani inaendelea kutoa joto hata baada ya giza kuingia. Masanduku ya chuma wanayowekea chakula huwezi kuyakalia mpaka uyamwagie maji. Usiku nilikuwa nachovya kitenge mtoni, nakikamua kidogo, najifunika. Kinakauka kabla sijapata usingizi, narudi kukichovya tena.

Na maji ya mto huo ni baridi mwaka mzima karibu na bwawa, kwa kuwa yanatolewa kutoka kina cha ziwa Powell, lile lililo nyuma ya bwawa. Kwa kawaida ni nyuzi 8 hadi 12, ingawa miaka ambayo ziwa limepungua sana yanatoka na uvuguvugu zaidi. Wimbi likikupiga, pumzi inakatika. Baada ya dakika chache jua limeshakukausha. Mwezi wa saba kulowa namna hiyo ni raha tupu. Mwezi wa tatu maji hayohayo ni hatari, watu wanashinda ndani ya nguo za kuzuia maji.

Kitu kingine ambacho lazima mkijue ni mvua za mchana. Zinaanza kama mwezi wa saba na kuendelea hadi wa tisa. Inanyesha mbali, wewe juu yako ni anga ya buluu, halafu korongo dogo la pembeni linashusha maji, matope na mawe kwa mara moja. Kiongozi wetu alikataa kutupandisha kwenye korongo moja la pembeni kwa ajili ya wingu lililokuwa upande wa juu. Wenzangu walinung'unika kweli. Alasiri ile mto wote uligeuka rangi ya vumbi la barabara ya Kasenga, na hakuna aliyenung'unika tena. Mwezi wa nane mwaka 2024 mafuriko ya Havasu, korongo la pembeni, yaliua mtu, na zaidi ya watu 100 waliondolewa kwa helikopta. Kiongozi akisema hapana, ni hapana.

Wala msidhani mafuriko ya mawe ni ya miezi hiyo tu. Rapidi ya Crystal ilikuwa ya kawaida mpaka dhoruba ya Desemba 1966 ilipoisukumia mawe, na leo ni kati ya zile zinazoogopwa zaidi.

Ningerudi mwezi wa saba? Mimi ndiyo. Mama yangu nisingempeleka mwezi huo.

Mama wa Katuba

Yaya umesema vizuri. Mimi na baba watoto tulikwenda mwishoni mwa mwezi wa tisa, kwa boti za makasia. Sababu yetu ilikuwa moja: kuanzia tarehe 16 Septemba hadi mwisho wa Machi injini haziruhusiwi pale. Unasikia maji, ndege, na kasia likigusa mwamba. Rapidi ya Lava Falls tuliisikia kabla ya kuiona. Viongozi walifunga boti kando, wakapanda juu ya mawe ya volkano kuitazama, wakanyamaza muda mrefu wakionyeshana njia kwa vidole. Mimi nilikuwa nasali. Tulipita, boti limejaa maji hadi magotini, tunapiga kelele kama watoto.

Joto lilikuwa limeshuka, tulilala vizuri. Ubaya wake ni kwamba jua linaondoka mapema kwenye kuta zile ndefu, na ukilowa saa kumi jioni kivulini unatetemeka mpaka chai.

Wifi yangu yeye alikwenda mwezi wa nne. Alikuta kaktasi, ile mimea ya miiba ya jangwani, zimechanua maua, akapenda sana, ila upepo unavuma kutoka mbele. Wanapiga kasia, boti halisogei, mchanga unaingia hadi kwenye wali.

Papa wa Kampemba

Vijana, mimi niko barabara ya Lusaka siku zote na mizigo, nitawaambia ya karibu. Korongo la Batoka, kwenye mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria. Najua si jangwa kamili, lakini ukiwa chini kule kati ya kuta za basalti nyeusi mwezi wa kumi, hutauliza tena.

Kuna jambo linalotudanganya watu wa Katanga. Mvua yetu inakoma mwezi wa nne, tunasema sasa ni kiangazi, mito inashuka. Zambezi wakati huo ndiyo imejaa kabisa! Maji yake yananyesha Mwinilunga na Angola, yanakaa kwanza kwenye nyanda za Barotse, yanafika kwenye maporomoko yakiwa kwenye kilele kama mwezi wa nne. Kipindi hicho makampuni yanafunga. Yakifungua mwezi wa sita au wa saba, mnaanzia sehemu ya chini tu, kwa kuwa rapidi za juu hazipitiki.

Nimeshuka wakati wa maji mengi na wakati wa maji machache. Maji mengi ni mawimbi mapana, yanakuinua na kukushusha, mawe yamefunikwa. Maji machache, kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na mbili hivi, ndiyo Batoka yenyewe: mawe yametoka, maji yamebanwa, rapidi ni kali, lakini baada ya kila moja kuna maji yaliyotulia ambapo ukianguka wanakuokota. Rapidi za huko zinaitwa kwa namba: kwenye ya 9 abiria wote wanashuka na kutembea juu ya mawe, boti linapitishwa bila watu. Ya 18, wanayoiita Oblivion, ilitupindua. Nilitoka chini ya boti nikiwa nimeshika kamba na kofia ya mtu mwingine.

Kazi kubwa ilikuwa kutoka korongoni. Njia ya kupanda ni mwinuko mtupu, na mwezi wa kumi Livingstone inakaribia nyuzi 40. Niliona vijana wenye nguvu wamekaa chini njiani, midomo imekauka. Kwa hiyo nasema mwezi wa nane au wa tisa: maji yameshapungua, jua halijakasirika.

Mwanafunzi wa Kalubwe, sasa Cape Town

Mto Orange, mpakani mwa Namibia na Afrika Kusini: sisi tulikwenda wakati wa Pasaka. Ni jangwa kweli, usiku nyota zimejaa. Rapidi ni ndogo, inafaa kwa anayeanza, tulikuwa kwenye mitumbwi ya watu wawili. Desemba na Januari joto linapita 40 na mto unaweza kujaa kwa mvua za huko juu. Mwezi wa saba mchana ni mzuri, lakini usiku baridi inauma. Mkitoka Congo msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Afrika Kusini wanaiuliza.

Mtoto wa Bel-Air, Lubumbashi

Aksanti sana. Yaya, na ile habari ya kwenda Grand Canyon bila kampuni, inawezekana?

Yaya wa Kamalondo, sasa Arizona

Inawezekana kwa kibali. Hifadhi inachezesha bahati nasibu, ile kubwa ni mwezi wa pili, kwa safari za mwaka unaofuata. Kundi lazima liwe na mtu mwenye uzoefu wa mto wa namna hiyo, na kila mtu anaruhusiwa kushuka mara moja tu kwa mwaka. Majira ya baridi wanakupa hadi siku 25 kutoka Lees Ferry mpaka Diamond Creek, kilomita 364 hivi. Katikati ya kiangazi ni 16. Ila Desemba kuna kambi ambazo jua haliziingii kutwa. Nyinyi nendeni na kampuni, na muombe nafasi mwaka mmoja kabla. Viza ndiyo ianze kabla ya yote.

Mtoto wa Bel-Air, Lubumbashi

Tumekaa jana jioni, tumesikilizana. Watoto wakubwa tunawapeleka Batoka mwezi wa nane: shule imefungwa, maji yamepungua. Mimi na mke wangu tutamfuata dada Arizona mwisho wa mwezi wa tisa mwaka wa mbele, kwa makasia. Mtoto wetu mkubwa wa miaka 15 anasema anaweza kila kitu, mdogo wake ana 12. Papa, watamkubali huyo wa 12?

Papa wa Kampemba

Kwa rapidi zile sidhani. Wiki ijayo nashusha mzigo Livingstone. Nitapita kwenye makampuni kuuliza umri na tarehe wanayofungua zile za juu, nitaandika hapa. Na mwezi wa nane wavalisheni sweta kwa asubuhi, gari linawashusha kwenye ukingo jua halijafika chini.