Heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916: imechakaa, au haikugongwa vizuri?

Mjukuu wa Unyanyembe
Wataalamu, naomba msaada wenu. Marehemu bibi aliniachia sarafu ya heller 20 (heller ni fedha ndogo ya enzi ya Wajerumani hapa kwetu), ya rangi ya manjano iliyotandwa na ukahawia, yenye picha ya taji, mwaka 1916 na herufi T, ambayo kwa miaka mingi aliifunga kwenye pindo la khanga pamoja na ufunguo wa sanduku lake. Taji limebaki kama kivuli, ilhali tarakimu za mwaka zinasomeka bila taabu. Mnunuzi mmoja aliitupia jicho tu, akasema imekwisha kabisa, kisha akanitajia bei ya kukatisha tamaa. Je, hali ya sarafu kama hii hupimwaje, na je, niisugue kwa limau na majivu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine?

Fundi Saa
Ndugu, limau liache jikoni. Rangi ile ya kahawia iliyotanda juu yake ndiyo ushahidi wa umri wake, na ukishaiondoa hairudi.

Kuhusu taji, usimwamini mnunuzi upesi. Heller za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ziligongwa Berlin na Hamburg, lakini manowari za Waingereza zilipofunga njia ya bahari, utawala wa Kijerumani ulilazimika kugonga sarafu zake katika karakana ya reli mjini Tabora, kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, ambayo sehemu yake ilitokana na maganda ya risasi na mizinga. Mihuri, yaani vyuma vyenye nakshi vinavyoigandamiza shaba ili ipate sura, ilichongwa kwa haraka na mitambo haikuwa ya kiwanda cha sarafu, kwa hiyo nyingi zilizaliwa zikiwa tayari na sura hafifu.

Chukua lenzi ya kukuzia mara 5 au 10, uimulike sarafu kwa tochi kutoka ubavuni. Palipolika kwa mikono huwa laini na hung'aa tofauti na bonde lililo jirani, lakini mahali ambapo shaba haikujaza muhuri hubaki na ukwaru wa kile kipande cha shaba kilivyokuwa kabla ya kugongwa. Kisha igeuze: kasoro ya kugonga mara nyingi huonekana pande zote mbili, mahali panapokabiliana, kwa sababu shaba haikutosha kujaza mihuri yote miwili kwa pamoja.

Mkusanyaji wa Tanga
Nakubaliana na Fundi Saa, ila mnunuzi naye asilaumiwe mno, maana hulipia kile ambacho jicho linakiona. Kipimo cha hali ya sarafu cha alama 1 hadi 70 ambacho wengi hukitumia kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani, sarafu za shaba za zamani, na ukikitumia kwa sarafu ya Tabora bila kuielewa karakana yake, utaishusha daraja kwa kosa ambalo si la matumizi. Mizani pia haitakusaidia: rupia, sarafu kubwa ya madini ya fedha ya utawala uleule, ilitoka kiwandani na gramu 11.66, hivyo upungufu wake unaeleweka, lakini heller 20 za Tabora zilitofautiana uzito tangu mwanzo. Tazama pia kama taji ni kubwa au dogo, na ncha za herufi L katika HELLER kama zimejikunja au zimechongoka, kwa kuwa ni lazima uilinganishe na za aina yake.

Mjukuu wa Unyanyembe
Nimefanya hivyo jana usiku. Taji lina ukwaru, na upande wa pili, mkabala nalo, maandishi yamefifia vilevile. Hata hivyo, kichwa cha tarakimu 6 kimelainika, na karibu na ukingo kuna mikwaruzo mitatu iliyopangana kama meno ya ufunguo.

Fundi Saa
Basi taji ni kosa la karakana, na tarakimu 6 ni kazi ya mikono ya watu. Kwa maelezo hayo ningeiweka daraja la kati: imetumika, haijaisha. Mikwaruzo itapunguza bei kidogo, nawe uitaje waziwazi unapouza. Ihifadhi katika bahasha ya karatasi kavu, si katika mfuko laini wa plastiki, ambao huweza kuiachia utando wa kijani wenye kunata.