Mrejesho: pesa za mwaka wa masomo Ujerumani

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kupanga pesa kabla ya kwenda kusoma Ujerumani. Sasa niko Leipzig. Nawashukuru sana, hasa aliyesema nitume na ziada kwenye Sperrkonto, ile akaunti ya kuzuilia pesa inayotakiwa kwa ajili ya viza. Nilitakiwa kuweka euro 11,904 za mwaka, na benki za katikati zilikata makato yao njiani. Bila ile ziada kiasi kisingetimia.

Zinazotoka ni euro 992 kwa mwezi, na hazitoki mpaka ufungue akaunti ya kawaida huku. Benki niliyokwenda ilitaka kwanza cheti cha kujiandikisha makazi. Kwa hiyo zile euro taslimu mlizosisitiza nibebe ndizo zilizolipa chumba na chakula. Jamani, msizipuuze.

Kilichogoma ni laini ya nyumbani. Niliiunganisha huduma ya nje ya nchi, simu zinaingia vizuri, lakini SMS za benki yangu ya nyumbani zenye namba za uthibitisho haziji, na tawi lao linataka nifike mwenyewe kubadilisha namba ya simu. Anayefuata alimalize hilo kabla ya kupanda ndege. Ahsanteni sana.